Swali Tulilokataa Kulijibu

Juzi jioni binti yangu alinifuata jikoni na simu yake mkononi, kanuna. Anajiandaa kwa mtihani wa kuombea nafasi katika chuo cha mbali, na alikuwa amekwama kwenye fungu moja la hesabu. "Mama, hebu ona mambo ya hawa watu," akasema. "Wanauliza swali, halafu jibu lenyewe hawalitaki. Wanataka niseme tu kama habari walizonipa zinatosha kulipata." Nikafuta mikono, nikasoma. Kuna sehemu fulani, je, ni kubwa kuliko nusu? Habari ya kwanza: namba yake ya juu ukiizidisha kwa mbili inaizidi namba ya chini. Habari ya pili: sehemu hiyo ni kubwa kuliko 0.4. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka mbaazi zikashika chini ya sufuria, na binti yangu akadhani namcheka yeye.

Nikanyoosha mkono wa kulia juu, mwiko nimeushikilia, nikamwambia ya kwanza peke yake inatosha, hiyo ya pili aiache hapo hapo ilipo. Akabonyeza. Simu ikakubali. "Umejifunza wapi haya?" akauliza, kwa ile sauti ya watoto wa siku hizi wanapogundua kuwa mama naye ana kichwa. Wanadhani kila jambo la akili limeshuka na ndege. Nikamjibu kuwa nimeyajua nikiwa darasa la sita, kule juu uwandani, tena pekupeku. Hakuamini. Basi acha nikuhadithie wewe, maana kama ulikaa dawati moja na wenzio watano mkisukumana viwiko, hunihitaji nikueleze mengi.

Sisi ni watu wa upande wa Kitangari, wilaya ya Newala. Nyumba ya bibi yangu, aliyenilea, ilizungukwa na mikorosho kiasi kwamba msimu wa kuokota ulipofika, harufu ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, yaliyoiva kupita kiasi iliingia mpaka kwenye mashuka. Asubuhi tulikuwa tukiokota korosho kabla ya shule, vidole vikinata, kisha tunakula ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa tangu jana, imepoa, tamu hivyo hivyo. Ugali wetu ulikuwa wa muhogo na mboga ilikuwa kisamvu, siku ya bahati kikaungwa kwa karanga. Sikumbuki kulala njaa. Ninachokikumbuka mpaka leo ni maji.

Juu ya uwanda ule hakuna mto. Mvua ikinyesha inazama mchangani kana kwamba haikunyesha, na chemchemi ziko chini kabisa, bondeni, mteremko wa kukata magoti. Kwa hiyo kila nyumba iliyojiweza ilikuwa na kisima chake, siyo cha kuchimbia maji bali cha kuyahifadhi: shimo kubwa lililosakafiwa kwa saruji, maji ya mvua yanashuka kutoka kwenye bati na kuingia humo, ndiyo hayo utakayokunywa kiangazi kizima. Mwenye kisima aliheshimiwa. Kilipokauka, wanawake na wasichana waliamka na ndoo zao wakateremka bondeni, na aliyerudi hakuwa na hamu ya kuzungumza na mtu.

Kila mwaka kabla ya mvua za kwanza kisima kilisafishwa, na kazi hiyo ilikuwa ya watoto, kwa sababu mdomo wa kisima ni mwembamba na mtu mzima hapiti. Mimi nilifungwa kamba kiunoni, bibi na jirani wakanishusha taratibu, na kibakuli cha kukombea tope mkononi. Kupita mdomoni kulikuwa kwa kubana mabega. Lakini ukishafika chini, mshangao! Kisima kimetanuka kama tumbo la chungu. Unaweza kulala chali ukanyoosha mikono na miguu, na ukuta bado uko mbali. Nikiimba humo, sauti yangu ilirudi kubwa, ya mtu mwenye mamlaka. Bibi aliniita nitoke, nikajifanya sisikii.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuja nikiwa darasa la sita. Alitoka upande wa Masasi, katika zile familia za Kianglikana ambazo babu zao walilelewa na misheni, na sisi wengi wetu tukiwa watoto wa madrasa, tulimtazama kwanza kwa pembe ya jicho. Alikuwa mwembamba, anatembea haraka, kanga yake ya begani haijawahi kuanguka. Hakupiga sana, jambo ambalo lilitutia wasiwasi zaidi. Wiki ya pili aliingia darasani, tukasimama, "Shikamoo mwalimu!", "Marahaba, kaeni," kisha akaandika swali ubaoni na kutuambia: "Atakayenipa jibu leo, nitamtoa nje. Sitaki jibu. Nataka kujua kama jibu linaweza kupatikana."

Utaratibu wake ulikuwa huu. Swali moja, na chini yake habari mbili. Kama ya kwanza peke yake inatosha kupata jibu, unanyoosha mkono wa kulia. Kama ni ya pili peke yake, wa kushoto. Kama ni lazima uzishike zote mbili kwa pamoja, unanyoosha mikono yote. Kama yoyote kati yake inatosha bila msaada wa mwenzake, unakunja mikono kifuani kama mkwe aliyekirimiwa vizuri. Na kama hata zikiunganishwa hazitoshi, unaweka mikono nyuma, kimya.

Basi akatuuliza: mtoto amekula muhogo, je, amekula zaidi ya nusu? Habari ya kwanza: amekula zaidi ya theluthi. Habari ya pili: uliobaki haufiki 0.4. Darasa zima, nakuapia, tulinyoosha mikono yote miwili. Akabadilisha swali. Mikono yote miwili tena. Akaleta la tatu: kuna sehemu, je, ukiiandika kwa desimali itafika mwisho au itaendelea tu bila kukoma? Habari ya kwanza: namba yake ya chini ni 8. Habari ya pili: ya juu ni 3. Mikono yote juu, kama tumevamiwa na majambazi.

Mwalimu alikaa akatutazama. Kisha akauliza kwa upole kwa nini, na mvulana mmoja mwenye mdomo mwepesi akasimama: "Mwalimu, kidole kimoja hakivunji chawa." Darasa likaangua kicheko. Lakini sababu yenyewe ilikuwa nyingine, na ni mimi niliyemwambia, kwa woga. Nyumbani tulifundishwa kuwa ukipewa kitu na mkubwa, unapokea kwa mikono miwili. Mkono mmoja ni dharau. Yeye ni mkubwa wetu, katupa habari mbili. Sasa sisi ni nani tuchukue moja na nyingine tuiache chini? Na kuweka mikono nyuma mtu anapokupa kitu, hilo hata hatukulifikiria. Bibi angenichapa.

Hakucheka. Alisema jambo ambalo limekaa nami tangu siku ile: "Adabu ya chakula ni kupokea. Adabu ya hesabu ni kukagua." Halafu akaturudisha kwenye muhogo. Zaidi ya theluthi inaweza kuwa robo tatu, inaweza pia kuwa pungufu kidogo ya nusu, kwa hiyo haituambii kitu. Lakini kama uliobaki haufiki 0.4, basi ulioliwa umezidi 0.6, mambo yamekwisha. Mkono wa kushoto, basi. Na ile sehemu ya nane, huhitaji hata kuiona namba ya juu: namba nzima yoyote ukiigawa kwa nane, desimali yake itafika mwisho. Polepole mikono ilianza kushuka, mmoja mmoja. Ilituchukua muhula mzima kujifunza kuacha kitu tulichopewa.

Tulipojifunza, tulilewa. Tulicheza mchezo ule njiani, mikoroshoni, kwenye foleni ya kusaga. Mtu akisema fulani amekula robo ya maandazi, mikono nyuma! Robo ya maandazi mangapi? Na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu tuliupeleka nyumbani. Baba mmoja alimwuliza mwanawe kama kazi ya shambani imekwisha, mtoto akaweka mikono nyuma. Mama mmoja alimtuma binti yake akakope chumvi "kidogo", binti akamwambia habari haitoshi. Unaweza kukisia yaliyowapata. Wazazi walikwenda shuleni. Watoto wao, walisema, zamani walikuwa wanapata majibu, sasa wanarudi na "haitoshi, haitoshi", na mtihani wa darasa la saba utakuja kuuliza jibu, hautauliza kama habari zinatosha.

Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa mkulima mkubwa wa korosho, mtu wa haki lakini mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe asiye naye. Aliwaambia wazazi wasubiri. Mashindano ya hesabu ya shule za wilaya yalikuwa yamekaribia, Newala mjini, na yeye mwenyewe angekwenda kuangalia. "Watoto wakituletea heshima, mwalimu aendelee na kipindi chake," alisema mbele yetu sote paredini. "Wakituletea aibu, kipindi kinakufa siku hiyo hiyo na tunarudi kuimba jedwali la kuzidisha." Mwalimu alisimama kando, mikono kaifumbata, na kwa mara ya kwanza nikaona ile kanga imeteleza begani. Alituchagua watatu, mimi niwe msemaji. Nilijua kabisa nilichobebeshwa. Kile kipindi kilikuwa mahali pekee duniani ambapo nilijiona mjanja, na kilikuwa mikononi mwangu.

Tulikwenda kwa lori. Sare tulizibeba kwenye mifuko na njiani tukavaa matambara, kwa sababu vumbi jekundu la barabara ile halichagui. Tulipofika tukavaa nyuma ya jengo, mwalimu akitukinga kwa kanga, kisha akatupaka mafuta miguuni mpaka tukang'aa kama tuliokaangwa. Watoto wa shule ya mjini walikuwa wamevaa soksi. Mmoja alituuliza kama ni kweli kwetu watu wanaoga kwa kikombe. Nilimjibu kuwa inategemea ukubwa wa kikombe.

Nakwambia ukweli, tulikwenda vizuri. Shule nyingine zikaanguka moja moja, tukabaki sisi na wale wenye soksi, alama zetu sawa kwa sawa. Jaji mkuu, mzee mmoja mpole mwenye miwani, akatusomea swali, sisi kwanza: "Kisima cha maji kina kina cha mita tatu. Maji yaliyomo yana kimo cha mita 0.75. Je, maji yaliyobaki ni sehemu gani ya maji yote yanayojaza kisima hicho?"

Sikufikiri hata kidogo. Mikono yangu ilikwenda nyuma yenyewe.

"Jibu?" akasema jaji.

"Haitoshi, mheshimiwa."

Ukumbi ulicheka. Siyo kicheko kibaya, ni kile cha watu wanaomwonea mtoto huruma. Kwa pembe ya jicho nilimwona mwenyekiti wetu ameshika paji la uso. Swali likahamia kwa wenzetu, na mwenye soksi akasema "Robo!" kabla hata jaji hajamaliza, na makofi yakapigwa. Nilikiona kipindi chetu kinakufa palepale, nikamwona mwalimu anafuta ubao. Jaji akaniambia nikae. Sikukaa. Mpaka leo sijui nilipata wapi nguvu ile, mtoto wa kike, mbele ya watu wazima wote wale.

"Shikamoo mheshimiwa," nilisema, maana sikujua mahali pengine pa kuanzia, na watu wakacheka tena. Akaitikia, marahaba, akanisubiri. Nikasema kisima kikiwa sawasawa kutoka juu mpaka chini, kama pipa, wenzetu wamepata, ni robo. Lakini mimi nimeingia ndani ya kisima cha bibi yangu. Mdomoni nilipita kwa shida, chini nikalala nikanyoosha miguu. Humo maji yakifika hapo yanazidi robo. "Na mwingine anaweza kuwa na kisima kilichochongoka chini, kwake haitafika robo. Swali limetupa kina, halikutupa umbo. Halikusema ni kisima cha nani."

Hakuna aliyecheka. Jaji alivua miwani. Akawageukia wenzake, wakainamiana muda mrefu, mmoja wao akichora kitu kwa kidole juu ya meza, mviringo wa chungu, kisha pipa, kisha chungu tena. Mwisho akasimama akasema kuwa swali hilo halikukamilika, linafutwa, na hakuna anayepata alama. Halafu, nje ya utaratibu, akanitazama akasema, "Ahsante, mwanangu." Swali lililofuata lilikuwa la kugawanya desimali kwa haraka, na wale wa mjini walitushinda kwa pumzi moja. Walistahili. Kombe likaenda kwao.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu. Hatukujua tumebeba nini, heshima au aibu, na mwenyekiti alikaa mbele na dereva. Nilipofika nyumbani bibi hakuuliza kombe. Aliuliza kama nilisimama vizuri, na kama waliniitikia.

Mkutano wa wazazi ulifanyika siku ya pili yake, uwanjani, sisi tumepangwa mbele kama washtakiwa. Baba mmoja alinyanyuka kabla ya salamu kwisha: kombe liko wapi? Mwenyekiti akamwomba akae. Akasema, nanukuu kwa kadiri kumbukumbu inavyoniruhusu: "Kombe hatuna. Mimi nilikaa nyuma, na lile swali lilipoulizwa nilisema moyoni ni robo. Mimi, mwenye kisima kikubwa kuliko chenu nyote. Mtoto huyu alipokataa kujibu nilitamani ardhi inimeze. Alipoeleza, nikakumbuka kisima changu, nikajua kuwa kila mwaka nawaambia wake zangu maji yamebaki robo, na kila mwaka nawadanganya." Wanawake wakacheka, wake zake wakicheka kuliko wote. Akangoja watulie. "Watu wazima watatu waliosoma walimsikiliza mtoto wetu, wakafuta swali lao. Mimi sijawahi kuona kitu kama hicho. Mwalimu, endelea na kipindi chako." Mwalimu aliinamisha kichwa, na nilipomtazama, alikuwa analia waziwazi bila kujificha, na sisi tukaanza kupiga makofi kwa sababu hatukujua la kufanya.

Leo mimi ni muuguzi, hapa Masasi. Wenzangu wodini wananiita Sista Haitoshi, nami naitikia kwa raha zangu. Mtu akiniambia mpe mtoto nusu kidonge, namwuliza nusu ya kidonge cha nguvu gani, na mtoto ana kilo ngapi. Huenda wengine wanachoka nami. Mimi najivunia, tena bila kuona haya. Yule mvulana wa kidole na chawa ni fundi umeme Mtwara. Kila tukipigiana simu tunabishana nani alikuwa wa kwanza kushusha mkono mmoja.

Mwalimu alihamishwa miaka michache baadaye, na kipindi kile kiliondoka naye, kwa kuwa hakikuwemo katika muhtasari wa masomo na aliyekuja baada yake alikuwa na haraka ya kumaliza mada. Simlaumu. Bomba la maji limefika sehemu nyingi za uwandani, na nashukuru, kwa sababu najua magoti ya bibi yangu yalikuwaje. Visima vingi sasa vimefunikwa kwa mabamba, vingine vimegeuzwa mashimo ya taka. Watoto hawashushwi tena kwa kamba, na sidhani kama yuko anayejua sauti yake inavyokuwa ndani ya tumbo lile la saruji. Hayo yote yamepita, na mengi yalistahili kupita.

Lililonitoka kabisa mkononi, ambalo hata binti yangu na simu yake hawezi kunitafutia, ni lile darasa lenyewe asubuhi ya jua kali, vumbi likicheza dirishani, na mwanamke mmoja mwembamba anatuandikia swali la watu wazima. Sisi tunamtazama, tunapima, tunamwambia kwa heshima zote kuwa aliyotupa hayatoshi. Naye anafurahi.